Mke Wangu Hakuhutubia

Mwalimu wetu amenirudishia insha yangu na maneno mawili ya wino mwekundu: "Huna moyo." Kisha akanichapa, labda nijue kuwa yeye anao.

Insha ilitaka tueleze kitabu kimetufundisha nini juu ya kifo, mapenzi na maana ya maisha. Kitabu chenyewe tumekisoma darasa zima, nakala moja watoto watatu, tukisukumana viwiko. Kimetafsiriwa kutoka Kiingereza, na kinamhusu bwana mmoja wa nchi ya baridi ambaye mkewe anaugua kifua. Karibu na mwisho mke anakufa. Mwalimu, mtu wa bara, mpole siku ambazo bakora ameisahau nyumbani, alipofika pale alivua miwani akajifuta macho kwa leso. Mie nikauliza yule mama alikuwa anameza mate saa ngapi, maana amesema ukurasa baada ya ukurasa bila kukohoa, na mgonjwa wa kifua ni yeye. Siku ile nayo nililala kifudifudi.

Kwa hiyo kwenye insha niliandika sentensi moja tu: kwamba kitabu hiki kinasema uongo juu ya kifo, na aliyekiandika hajafiwa. Iliyobaki naiandika hapa, na siiandiki kwa ajili ya mwalimu.

Nimelelewa Keko na bibi yangu mzaa mama, nyumba moja na mjomba wangu ambaye ni fundi seremala. Sie watu wa pwani, bibi na mjukuu ni watani. Yeye akiniita mume wangu, nami nikimwita mke wangu, na hakuna aliyeshangaa. Nikirudi shule na vumbi mpaka kwenye nyusi, ananipokea mlangoni: "Mume gani huyu, kutwa hayupo na anarudi mikono mitupu?" Nami namjibu, "Mke gani huyu, kitumbua kakiunguza na meno ya kukitafuna hana?" Mjomba huku nje anapiga randa na kutikisa kichwa. Hakupenda mzaha. Alipenda mambo yaliyonyooka, kama mbao zake.

Bibi hakujua herufi za shule. Tenzi alikuwa nazo kichwani, ndefu, akizighani huku anapepeta mchele. Basi nami jioni, zamu yangu ya kukaa na kitabu ikifika, nilikuwa namsomea. Tulipofika pale mke wa yule bwana anapoanza kuaga, bibi akaweka ungo chini.

"Huyu anakufa au anahutubia?"

"Anakufa, mke wangu."

"Mwambie afanye hima. Mtu anayekufa hana pumzi ya kupanga maneno. Mama yangu mie aliuliza kama kuku wamefungiwa, akaenda zake."

"Na mumewe hapa kamshika mkono, analia."

"Afadhali angempa maji."

Nilicheka mpaka mjomba akachungulia. Nikamuuliza bibi, "Na wewe siku yako utasema nini?"

"Nitakuomba talaka. Umenichosha."

Masika yalipoanza, homa ikamshika. Alilala kwenye kitanda cha kamba karibu na dirisha, na nikawa nabaki nyumbani mchana kumpa uji, mjomba akiwa kazini. Siku ya mwisho mjomba alikwenda mjini kutafuta misumari. Bibi alikuwa amefumba macho nikidhani amelala, mara akasema, kwa sauti yake ile ile ya kunituma dukani, "Mume wangu, anua nguo, mvua inakuja."

Nikamwambia, "Kaanue mwenyewe, mie mume, si mtumwa." Akatabasamu upande mmoja. Nikatoka nikaanua. Kanga zake, kaniki yake, kaptula yangu ya shule. Matone yakaanza nikiwa kwenye kamba. Niliporudi na lile fungu kifuani, mke wangu hayupo. Yule bwana wa kitabuni alishika mkono wa mkewe. Mie nilikuwa nimeshika kaptula.

Hilo ndilo lililonitia hasira ya kwanza. Ya pili nilitiwa na mjomba.

Kesho yake watu walijaa uani, mikeka imetandikwa mpaka chini ya turubali la jirani, na kila aliyeingia aliuliza: alisema nini? Mjomba akawajibu wote. "Alitamka shahada vizuri," akasema. "Akaniita, akaniusia mtoto huyu, akaniusia nyumba, akanishika mkono, akafumba macho kama mtu anayesinzia." Watu wakaitikia kwa pumzi, wazee wakapangusa nyuso. Na mjomba alikuwa mjini na misumari.

"Hakusema hivyo," nikasema. "Alisema nianue nguo."

Mzee mmoja akaniangalia kama inzi kwenye mchuzi. "Nyamaza, mtoto."

"Shikamoo, babu. Lakini ndivyo alivyosema."

"Huyu hata leo ana mzaha," akasema mwingine, na kuna waliocheka kidogo, wakijificha ndani ya kanzu zao. Mjomba hakunitazama.

Nilielewa basi kuwa wanamzika mtu mwingine. Yule mama wa kitabuni amehamia Keko, amelala chumbani kwa bibi yangu, na anahutubia. Ghadhabu ilinipanda mpaka masikio yakaniwaka.

Sasa, kwetu jeneza la bibi likitaka kutoka, wajukuu huziba mlango. Ni desturi: mume hakubali mkewe achukuliwe bure, watu hutania, hutupa senti kidogo, mjukuu hupisha. Basi jeneza lilipoinuliwa, nikasimama mlangoni nikashika miimo yote miwili, ile ile aliyoichonga mjomba.

Kicheko kikaanza. "Mume kagoma." Senti zikaangukia miguuni pangu. Sikuziokota.

"Mpe talaka mkeo aende," akasema jirani mmoja, "jua la alasiri hilo."

"Simpi."

Wakacheka zaidi. Wakaongeza senti. Ningelia wangeniamini, lakini mie nikikasirika uso wangu unakaa kama wa mtu anayezuia kicheko, nimezaliwa nao. Nikasema, "Mjomba aseme kwanza bibi alisema nini."

Hapo kicheko kikapungua. Mjomba, bega lake likiwa chini ya jeneza, akasema huku ameuma meno, "Pisha, kijana. Nitakuvunja."

"Sema, mjomba."

Wabebaji wakaanza kubadili mabega. Nadhani mtu angenizoa pale mlangoni kama gunia, lau asingekuja mtani wetu. Alikuwa mama wa Kinyamwezi, muuza karanga, na kwenye misiba yetu kazi yake ilikuwa hiyo: kumwigiza marehemu. Alikuwa amevaa kaniki ya bibi, amechukua na fimbo yake, na tangu asubuhi amezunguka uani akichechemea mguu wa kushoto na kuwagombeza watu kwa sauti ya bibi, nao wanalia na kucheka. Sie wawili hatukuwa tumesemezana. Lakini masikio alikuwa nayo. Akaja mpaka mbele yangu, akaegemea fimbo.

"Mume wangu," akasema, na ilikuwa sauti yenyewe. "Nguo umeanua?"

Watu wakacheka. Mie nikamjibu, kwa kuwa niliulizwa.

"Nimeanua."

"Zote?"

"Zote. Na kaniki."

"Zimekauka?"

"Kanga ya chini bado mbichi. Kwenye pindo."

"Si nilikwambia mvua inakuja." Aliligonga goti langu kwa fimbo, polepole, kama bibi alivyozoea. "Haya, niachie. Hawa watu wamesimama."

Hakuna aliyekuwa anacheka tena. Mikono yangu ilishuka yenyewe. Sikutoa hotuba. Kama nilikuwa na la kusema, lilibaki tumboni na lipo hadi leo. Mwalimu akitaka moyo, akautafute huko.

Jeneza likapita. Mjomba alikuwa mbele, kichwa kimeinama chini ya mti wa jeneza, na bega lake likanigusa pale mlangoni. Hakunitazama.

"Pindo halikaukagi masika," akasema, kwangu mimi tu, akatoka nalo uani.