Mtani Mbele ya Duka la Mjomba

Miaka ile ya Mwingereza nilikuwa nikifanya kazi katika studio ya Mhindi mmoja mjini Tabora, na kwa jinsi nilivyojivuna ungedhani kamera nimeiunda mimi. Mwajiri wangu alitaka kuwauzia kadi za posta Wazungu waliokuwa wakisubiri treni pale stesheni. Wazungu, alisema, wanapenda vitu vikongwe. Basi nikatumwa kupiga picha za maduka ya zamani, yale ya tangu enzi za misafara: milango ya mbao yenye nakshi, kuta za udongo zilizovimba matumbo, baraza zilizolainishwa na makalio ya watu. Sharti lilikuwa moja tu, duka lionekane na watu wasionekane.

Sharti hilo lilitungwa na mtu asiyeijua Tabora. Ukisimamisha kamera mbele ya duka, wenyewe wanakimbilia ndani, nawe unadhani wamekuelewa, kumbe wamekwenda kuvaa. Mzee mmoja muuza chumvi aliniuliza kwa upole kama nimesikia nyumba yake imefiwa, hata ipigwe picha bila mtu mlangoni. Nikamwambia sijasikia hivyo. "Basi subiri kidogo," akasema, "mke wangu anajipaka wanja." Nilikuwa nikirudi studio na picha za koo nzima nzima, na nyuma yao kipande cha mlango.

Habari za kazi yangu zikamfikia mjomba, kaka yake mama. Mjomba alikuwa na duka la nguo karibu na soko, duka kuukuu alilorithi kwa baba yake. Alikuwa amefiwa na mkewe, na tangu hapo alikula kwetu asubuhi na jioni, akitoa maoni juu ya chumvi. Sasa alimtaka mjane mmoja wa Ujiji, aliyemwona mara moja harusini na usingizi ukamruka. Mshenga wa kwanza alikwenda, akala kuku wa watu, akarudi bila jibu. Mama yake yule mjane alisema wanaume wa Tabora wana maneno mengi, na mwanawe anaposwa pia na tajiri wa dagaa wa hapo hapo kwao. Huyo wa Tabora, kama kweli ana duka, wamwone nalo kwa picha. Mama yangu akaamua kuipeleka picha mwenyewe, kwa treni.

"Ukiharibu," akaniambia, "mjomba wako utamlisha wewe mpaka afe."

Nilifika Jumapili asubuhi na duka sikulitambua. Ukuta ulikuwa umepakwa chokaa, lakini hilo halikuwa la ajabu. Mlangoni zilining'inia kanga za kila rangi, barazani kulikuwa na cherehani mbili, mabeseni yamepangwa karibu yaguse paa, na majora ya kitambaa cha marekani yamesimama kama askari kwenye gwaride. Duka nililolijua mimi lilikuwa na majora matatu na paka.

"Vya jirani," mjomba akaninong'oneza. "Nimeviazima mpaka adhuhuri. Piga upesi!"

Alikuwa amevaa koti juu ya kanzu, ameketi kwenye kiti cha mikono, uso ameukaza kama liwali anayesikiliza kesi. Nasema kweli, nilipendezwa. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na duka linaloonekana lote. Nikaingiza kichwa ndani ya kitambaa cheusi. Katika kamera ile dunia ilionekana juu chini, nami nikaona miguu miwili mirefu ikitembea darini kumwelekea mjomba.

"Hodi, wapagazi!"

Alikuwa mtani wake, Mzaramo, fundi wa reli. Utani wetu watu wa Tabora na Wazaramo umetoka kwenye misafara, babu zetu walipokuwa wapagazi wakishuka pwani na pembe za ndovu mabegani, na sheria yake kila mtu anaijua. Mtani atachukua kitu chako, atakutukana hadharani, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Ukinuna, umeaibika wewe na ukoo wako.

"Mtumwa wangu, umetajirika lini?" Akaizunguka cherehani. "Hii jana ilikuwa kwa jirani, inanishonea suruali. Imekuja hapa kwa miguu yake?"

Watu wakaanza kusogea. Mjomba akafanya kosa ambalo mpaka leo sijui lilimtokaje mtu mzima.

"Mtani, nakusihi, leo uniache," akasema. "Picha hii inakwenda kwa wakwe."

Macho ya Mzaramo yakang'aa! Kumwambia mtani habari za wakwe ni sawa na kumfungulia mlango na kumkaribisha jikoni. Akabeba beseni, akalirudisha kwa jirani huku akitangaza njia nzima. Akarudi kuchukua jora, kisha kanga. Watazamaji wakamsaidia cherehani, maana ni nzito.

"Toka mbele ya kamera yangu!" nikapiga kelele.

"Nyamaza, mpwa wangu," mjomba akanikemea mimi, si yeye. "Unataka mji mzima useme tumenuna?"

Mpaka vitu vya jirani vilipokwisha, pale mbele palibaki chokaa, majora matatu na paka. Mzaramo akamwinua mjomba, akamvua kofia akaivaa, akaketi yeye. Kisha akamnyooshea jora moja.

"Haya, mpagazi! Jitwike, twende Bagamoyo!"

Mjomba alisimama kitambo akiutazama ukuta wake mtupu. Nilidhani atalia, na roho iliniuma, maana nilijua jinsi alivyomtaka yule mwanamke. Ghafla tumbo likaanza kumtikisika. Akacheka mpaka akashika ukuta, akajitwika lile jora, akainua mguu mmoja juu kama anayeanza safari.

"Na nazi zako, bwana mkubwa? Nizibebe pia?"

Nami kwa hasira nikafyatua, liwalo na liwe. Sikuwa na filamu nyingine.

Mama alipoiona picha ile alisonya, akaifunga ndani ya kanga, akapanda treni akiwa na hadithi ndefu juu ya kamera mbovu. Siku zote alizokuwa mama Ujiji, mjomba hakusema neno juu ya chumvi, hata tukamwogopa.

Mama akarudi na jibu: amekubaliwa. Hakuamini hata yeye mwenyewe. Mama mkwe aliitazama picha akasema duka lenyewe tundu la panya. Lakini mwanawe aliichukua, akaingia nayo chumbani, akatoka baada ya muda mrefu akauliza anayemposa ni yupi, aliyeketi au mwenye mzigo. Mama, kwa aibu, akamwonyesha mwenye mzigo.

"Basi ni huyo," akasema.

Harusi ilipokwisha, siku moja tulikuwa tumekaa nyumbani kwa mjomba, na yule Mzaramo naye yupo, akidai chakula chake cha mtani. Mjomba akaanza kujisifu kwamba chokaa ndiyo iliyomteka mke wake. Mke wake akaendelea kupakua wali.

"Marehemu mume wangu alikuwa na duka la milango minne," akasema. "Watu walipunguza sauti wakipita mbele yake. Mimi nilipunguza sauti ndani, miaka yote, mpaka tulipomzika. Sikumsikia akicheka hata siku moja."