Jembe la Bibi Serafina

Mwaka 1983, halmashauri za wilaya ziliporudishwa, Coletha wa Ushirombo aligombea udiwani kwa sababu moja tu: kisima. Wanawake wa kata yake walichota maji bwawani wakigombania na ng'ombe, na ng'ombe ndio walioshinda siku zote.

Chama kilirudisha majina mawili, lake na la Marselino, mkulima wa pamba. Zikagawiwa alama: Marselino akapata jembe, Coletha akapata nyumba. Moyo ukamsinyaa. Katika nchi ya wakulima, nani ataliacha jembe? Hata mama mkwe wake, Bibi Serafina, hakumficha. "Mama Kamili, nakupenda, lakini jembe ndilo lililonilea."

Kampeni za siku hizo wagombea walipanda gari moja la Chama, wakapingana jukwaani, kisha wakala ugali sahani moja. Marselino alikuja na jembe lake la kweli, akaliinua juu, wanaume wakashangilia. Zamu ya Coletha ilipofika, aliuliza taratibu, "Hilo jembe la Baba Januari, jioni linalala wapi?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko, na Marselino mwenyewe, yaani huyo Baba Januari, akacheka mpaka akakaa chini. Kura zilipohesabiwa, nyumba ikashinda kwa tofauti ndogo. Coletha alilia kwa furaha mbele za watu, wala hakuona haya.

Lakini safari ilikuwa nusu. Mwenyekiti wa halmashauri hachaguliwi na wananchi. Madiwani humchagua mmoja wao, na kama hakusikilizi, udiwani wako ni jina tu. Huko Kahama, diwani Pantaleo aliyeutaka uenyekiti aliwakaribisha wenzake nyama choma. Coletha alikula akashiba. Nyama ni nyama, kura ni kura.

Kesho yake ukumbini aliwauliza wagombea wote wawili wa uenyekiti swali lilelile: kata yake itapata kisima? Pantaleo akasema mambo yote mazuri yanakuja. Mzee Apolinari, mkavu wa maneno kama muhogo wa kuanika, akasema, "Chimbeni wenyewe. Pampu nitaidai mimi." Coletha akampa kura yake, na wengi wakafanya hivyo hivyo.

Kiangazi kilipoingia, watu wa kata wakajitokeza kuchimba. Wa kwanza kufika alikuwa Marselino, na lile jembe lake la jukwaani begani. Walichimba kwa zamu, wakiimba, mpaka udongo ukaanza kulowa. Apolinari naye hakusahau. Pampu ililetwa kabla ya mvua.

Siku ya kufungua, Bibi Serafina alikinga maji kwa kiganja, akanywa, akamgeukia mkwewe.

"Mama Kamili, hiki kisima kimechimbwa na nini?"

"Na jembe, mama."

"Haya," alisema bibi akijifuta mdomo. "Usije ukasema sikukupigia kura."