Kofi la Mkono wa Kushoto

Mjukuu wangu Fatma akilipiga donge la chapati juu ya ubao, pa!, mimi hushtuka nikajishika shavu. Yeye hucheka. "Bibi, ni unga tu." Ni unga, najua. Lakini masikio yangu hayajui. Yako darasani bado, ile miaka ya mwanzo ya bendera mpya, na vumbi la chaki limenikwama kooni.

Nilisoma miaka minne tu, kwa hivyo mtaniwia radhi maandishi yangu. Majina lakini sisahau. Wasichana tulikuwa wanne katika watoto thelathini na wanane: mimi Mwanaidi, Somoe mtoto wa shangazi yangu, Tima mwenye kidole cha sita, na Grace, binti wa askari kutoka bara. Wavulana wengi walikuwa wa hapa kisiwani Amu, wachache wa Pate, na Kombo wa Mkokoni aliyekaa kwa mjomba wake. Kisha Petero na Joshua, watoto wa maofisa. Kaka yangu Aboudi alinizidi miaka miwili, lakini tulikuwa darasa moja, maana yeye alikhitimu kwanza Qurani chuoni.

Mwalimu wetu Bwana Josefu alikuwa kijana wa bara, shati lake limepigwa pasi hadi linaweza kukukata. Kila asubuhi hesabu za kichwa. Sheria yake ilikuwa hivi: wa kwanza kunyoosha mkono, akipata, huzunguka darasa zima akiwazaba makofi wenzake wote. Akikosa, fimbo ni yake. "Akili huingilia shavuni," ndivyo alivyokuwa akisema.

Walionyoosha walikuwa Grace, Petero na Joshua, siku zote hao hao. Walitupiga hadi tukatoka na mashavu ya moto kama mkate wa mofa utokao tanuuni. Petero alikuwa na kiganja kikavu, kinalia kama ubao. Grace alipiga huku machozi yanamtiririka. Akifika kwangu hunong'ona, "Pole, Mwanaidi," halafu pa!

Bwana Josefu aliandika yote katika daftari kubwa, na siku moja akatusomea: watoto wa bara mbele, watoto wa visiwani nyuma, wasichana wa visiwani mkiani kabisa. Akatutazama kwa masikitiko ya kweli. "Samaki mnakula kila siku. Akili zinakwenda wapi?"

Na mimi hesabu nilizijua. Mama yangu, Bi Zena, alishona kofia, na mimi ndiye niliyemhesabia matundu, safu kwa safu. Ukikosea tundu moja, ua lote hupinda. Saba mara nane kwangu lilikuwa ua la kofia. Nilinyamaza kwa sababu wenzangu walinyamaza. Sikujiuliza kwa nini.

Muhula ule baba, Bwana Lali, akaniita. "Mwanaidi, umeshakuwa mkubwa. Ukitoka wa kwanza katika wasichana, mwaka ujao n'takuwacha usome. Usipotoka, buibui, ukae na mamako." Basi nikaapa nitanyoosha.

"Saba mara nane?"

Kimya. Nikanyoosha. "Hamsini na sita."

"Ehee! Kisiwa kimefufuka! Anza."

Nikaanza na Petero, nikamlipizia yale makofi yake yote, na Mungu anisamehe, niliona raha. Nikampiga Joshua. Nikampiga Grace, naye hakulia. Nikampiga Somoe, nikampiga Tima, kiganja kinawaka, nami nacheka. Kisha nikafika kwa Aboudi.

Kila asubuhi, kabla hatujatoka nyumbani, nilikuwa nikimbusu kaka yangu mkono. Ndivyo tulivyolelewa. Nikafikiri kitoto: mkono wa kulia ndio niliomshikia asubuhi, tena una nguvu. Nimpige kwa wa kushoto, ni dhaifu, hautamuuma. Wallahi nilikusudia huruma. Nikamgusa shavu kidogo.

Darasa zima likaguna. Hapo ndipo nilipotambua nilichofanya. Kushoto ni mkono wa chooni. Sisi hata kipande cha mkate hatumpi mtu kwa kushoto.

Kombo akapasuka kicheko. "Loo! Kapigwa na mwanamke, tena mdogo wake, tena kwa mkono wa chooni!"

Bwana Josefu hakujua habari za mikono. Yeye aliona kofi dogo tu. Akainua fimbo juu ya kichwa changu. "Unambembeleza? Rudia! Kwa nguvu, au nikupasue wewe."

Aboudi alinitazama. Nikafumba macho, nikapiga kwa nguvu zangu zote, kwa mkono ule ule uliokuwa tayari juu. Ukampata sikioni. Uzi wa damu ukashuka hadi kwenye kola.

Jioni Kombo alitungoja kichochoroni, ameziba pua. "Aboudi, uso umeutawaza, au bado wanuka choo?" Aboudi akaokota jiwe la tumbawe, akampiga nalo kinywani. Meno mawili yakaanguka mchangani, meupe kama punje za mahindi, na Kombo akawa ayatafuta kwa kupapasa, damu inamchuruzika kidevuni. Mjomba wake alipokuja kushtaki, baba alimchapa Aboudi kwa henzirani hadi ikavunjika. Kipande kilichobaki kikaja kwangu.

Aboudi hakurudi shule. Alipelekwa kukata boriti. Na mkono wake hakunipa tena niubusu.

Mimi nilirudi, lakini sikunyoosha tena. Mwisho wa muhula Grace alisomwa wa kwanza, mimi wa nne katika wasichana wanne. Baba alisema neno moja tu: "Nilikwambia." Nikavishwa buibui.

Tulizeeka. Siku ya tatu ya matanga ya mama nilikaa karibu na Aboudi. Akageuka kunipa sikio zima. Nikamwambia, "Kaka, niwie radhi ule mkono wa kushoto."

"Mkono niliusahau zamani," akasema. "Wadhani sikuijua saba mara nane? Nani alikuwa akimhesabia mama matundu kabla yako? Kombo alijua. Somoe alijua. Lakini nani anyooshe, ampige nani? Huyu ndugu, huyu mtoto wa ami, huyu jirani. Tulikubaliana kunyamaza."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tulidhani wajua. Ulikuwa kimya kutupita sote."

Grace, Petero na Joshua hawakuwa na ndugu darasani mle. Hilo ndilo ambalo daftari la Bwana Josefu halikuliandika, na maskini hakuwa na wa kumwambia. Tulipigwa miaka minne ili tusipigane, tukaitwa wajinga, na sisi wenyewe tukaja kuamini. Mmoja tu ndiye aliyevunja kimya kile, naye ni mimi.

Wakati wa kuondoka niliinama nimbusu kaka yangu mkono. Mzee yule akauficha wa kulia nyuma ya kanzu, akatabasamu bila meno, akanipa wa kushoto.

Nikaubusu.