Kodi ya Chumba cha Uani

Mshona nguo mmoja, wateja wake wakimwita Mama Vifungo, alikuwa na ulimi mkali kuliko mkasi wake, lakini kwenye kutaja bei alikuwa bubu. Mumewe ndiye aliyekuwa akipatana na watu. Naye alishatangulia mbele ya haki, akamwachia nyumba yenye bati bovu na chumba kimoja cha kupangisha uani.

Humo alikaa kinyozi na mama yake aliyepooza, kwa kodi ileile ya enzi za marehemu. Sasa mvua ilikuwa ikidondokea cherehani. Dalali, mtu asiyejua kunong'ona, alisimama uani akatangaza kwamba chumba kile kinastahili kodi mara mbili. Mama Vifungo alitaka nyongeza kidogo tu, ya bati. Akamwita kinyozi.

"Mwanangu, hali unaiona. Hebu taja mwenyewe kodi ya haki."

Alidhani anamfanyia hisani. Kinyozi aliinamisha kichwa. Ya dalali aliyasikia yote. Akitaja kidogo ataonekana hana shukrani. Akitaja kubwa, Mama Vifungo atamshushia, maana ndivyo watu wanavyopatana.

"Basi iwe mara mbili, shangazi."

Akangoja ashushiwe. Mama Vifungo naye akangoja ajishushe mwenyewe. Mtu amesema kwa kinywa chake kwamba anaweza. Kumpunguzia si kumwita maskini mbele ya mama yake? Wakabaki kutazamana, watu wazima wawili, na haya zao za kijinga.

"Haya, mwanangu. Ahsante."

Kinyozi aliuza kioo chake kikubwa, kisha kiti cha kunyolea, na bado hakuiweza ile kodi. Akambeba mama yake wakahamia bondeni, kwenye chumba chenye sakafu isiyokauka. Dalali alileta wapangaji wapya. Wakitazama bati tu, wanaaga.

Mwishowe Mama Vifungo alijikaza akashuka bondeni. Alimkuta kinyozi peke yake mlangoni. Ndani, kitanda cha mgonjwa kilikuwa kimebaki chaga tupu. Kifua, akaambiwa. Walishamzika.

Alitafuta la kusema, akalipata lililochelewa.

"Mimi nilitaka uongeze robo tu."

"Robo tungeiweza, shangazi," kinyozi alisema. "Mama kila siku alikuwa ananiambia, nenda kamwombe, yule hatakataa. Niliona haya."