Orodha ya Timu Niliyotumiwa kwa Simu

Kama ulikuwa kwa ule uwanja wa chuo huko Ruiru siku hiyo, tafadhali tukikutana kwa steji ya matatu jifanye hunijui, kwa sababu hata sasa nikiandika hii masikio yangu yamepata moto. Nyinyi wengine, mnaojua tu kwamba niliitwa intavyu ya kocha wa basketi ya wasichana na nikarudi mtaani kwetu Landless mapema kuliko nilivyoaga, leo nawaambia yote, mcheke mmalize.

Hiyo kazi nilikuwa naitaka vibaya sana. Miaka sita nimefunza wasichana wa mtaa bure, kwa uwanja wenye ringi moja, siku za wiki nikiuza vifaa vya stima kwa duka la mtu, na sasa hapa palikuwa na chuo kizima kinatafuta kocha wa kuajiri. Kocha wao wa zamani alikuwa ameondolewa kwa sababu ya mdomo wake, kwa hivyo safari hii walitaka mambo yaende kwa haki: tulikuwa waombaji watatu, kila mmoja angepewa wasichana walewale dakika ishirini mbele ya jopo, na hakuna kati yetu aliyekuwa anawajua.

Sasa, binamu yangu Kimani ndiye anayesimamia stoo ya michezo pale. Wiki moja kabla ya intavyu akanitumia picha kwa simu, orodha ya timu, jina na namba ya jezi, na kando ya kila jina maneno mawili matatu. Namba saba Njeri, anarusha kwa mkono wa kushoto. Namba kumi na moja Purity, mrefu, mwoga wa kugombania mpira. Namba tisa Faith, goti la kushoto bado. Chini akaandika, "Soma halafu ufute."

Mtu mwenye akili angefuta bila kusoma. Mimi nilijiambia siibi mtihani, najitayarisha tu, na kama Mungu hakutaka niione, mbona binamu yangu akapewa stoo? Nikakariri wote kumi na wawili. Mke wangu alikuwa ananiuliza namba nikiosha vyombo, na siku moja akasimama na kitambaa mkononi akaniuliza kama wale waombaji wengine wawili wamepewa hiyo orodha pia. Nikamwambia kila mtu ana binamu yake. (Akachukua sahani niliyokuwa nimeosha akairudisha kwa maji.)

Mpango wangu ulikuwa rahisi: nianze mazoezi, dakika mbili zipite, halafu niwaite kwa majina hivi hivi tu, bila kujionyesha, jopo liseme huyu jamaa ana kipaji cha watu.

Siku ikafika. Wa kwanza alikuwa bwana mmoja wa Thika mjini, ana filimbi na kifua, akawaita wasichana kwa namba mwanzo mpaka mwisho. Wa pili alikuwa Madam Atieno, mwalimu kutoka Witeithie, ambaye aliwakusanya akasimama nao akiongea na mmoja mmoja polepole, mimi nikichungulia kutoka nyuma ya jikoni ambako sisikii kitu, na aki ya Mungu nilimhurumia, nikaona dakika zake zinaisha bure na mpira haujaguswa. Walipomaliza, wote wawili wakaketi kando ya uwanja kuangalia wa mwisho, yaani mimi.

Nikaanza vizuri. "Safi sana Njeri," nikamwambia namba saba. Akanitazama, halafu akaangalia nyuma yake. Nikajiambia anaona haya tu. Nikamwambia Purity ainue mikono, na nikashangaa kidogo kwamba namba kumi na moja ni mfupi kuliko mimi, lakini nikaona labda Kimani hajui kupima. Wasichana wakaanza kucheka kwa chini, mwingine ameuma shingo ya jezi, na mimi mjinga nikadhani wananipenda, nikaongeza mwendo. Nikawaita Mercy, Joyce, Wangari, nikigawa majina kama peremende.

Halafu nikaona namba tisa ameruka juu sana. Nikamkimbilia, nikatoa sauti laini ya mhubiri, lakini ya kufika kwa jopo, maana hapo ndipo ilikuwa inaenda.

"Faith, taratibu. Najua hilo goti la kushoto halijapona. Kwangu hakuna atakayecheza akiumia."

Kicheko kikakatika.

"Mimi si Faith," akasema namba tisa. "Na magoti yangu yako sawa."

Wasichana wengine, bila hata kutaka, wakageuka wakamwangalia namba nne, msichana mrefu aliyekuwa ameinamisha kichwa.

Naibu wa mkuu wa chuo, mama aliyekuwa mwenyekiti wa jopo, akashuka uwanjani na faili yake akaniuliza hayo majina nimeyatoa wapi. Nikasema nimesikia wakiitana. Akasema wameambiwa wasiitane. Nikasema basi nimeyaona kwa ubao wa matangazo. Akasema hakuna ubao. Ndipo akanieleza, bila kupandisha sauti, kwamba kocha aliyeondoka alikuwa amewaita kwa namba miaka miwili, na matusi juu, kwa hivyo wasichana wenyewe ndio walioomba wabadilishane jezi, waone ni nani atakayewauliza wanaitwa nani.

Kimani alikuwa amesimama chini ya ringi na mfuko wa mipira, jasho linamtoka. Nikamwambia yule naibu ni kweli nilipewa orodha, na aniwie radhi asiniulize ni nani, kwa sababu aliyesoma ni mimi. Kimani akaweka mfuko chini, akasema ni yeye. Alipewa barua ya onyo, na mpaka leo tukikutana kwa cucu, nyanya yetu, ananipitishia kikombe cha chai akiangalia ukuta.

Nikaambiwa kwa heshima nichukue begi yangu. Dakika zangu hata hazikuwa zimefika kumi.

Nikakaa kando kubadilisha viatu, kamba zimekataa kufunguka, na yule namba nne akaja akasimama mbele yangu.

"Coach, mimi ndio Faith."

Nikaanza kusema pole, hakuningoja.

"Yule wa zamani nilimwambia kuhusu goti akaniita mzigo. Huyu mpya nilikuwa nataka nimjue kwanza, halafu nimwambie mwenyewe."

Akamwangalia Madam Atieno, aliyekuwa ameketi hapo karibu akisikia kila kitu, kisha akarudi kwa wenzake. Niliumia, wacha niseme ukweli. Nikavua viatu kwa nguvu, kamba zikiwa bado zimefungwa.

Kazi alipewa Madam Atieno, aliyewauliza majina mmoja mmoja, na ilikuwa haki yake. Mimi niliapa sitasoma tena kitu nilichoonyeshwa peke yangu wakati wenzangu hawajaonyeshwa, hata kikitoka kwa mama yangu mzazi. Hicho kiapo kinanisumbua. Juzi timu ilipokuwa inaenda mashindano nilitaka sana kujua kama Faith alipangwa au goti lilimnyima nafasi, nikatoa simu nimtafute Kimani, nikafika mpaka kwa jina lake, halafu nikaizima. Hiyo habari ni ya Faith, na mimi hajaniambia.