Mdachi Aliyepima Maji Yetu

Mpaka leo, nikimsikia mtu anayasifia maji ya dawa, damu inanichemka.

Baba alikuwa na duka la nguo na chumvi huku Karagwe. Wazee wake walitoka pwani, naye alipenda kuonekana mtu wa mambo mapya. Mama alikuwa Mnyambo wa Kanoni. Kiswahili alijifunzia ukubwani, akakisema polepole, bila kupoteza neno. Maji tuliteka kwenye chemchemi iliyotoka mwambani, chini ya kibanja chetu cha migomba.

Miaka michache kabla ya vita vya Wadachi na Waingereza, Mdachi mmoja alipiga hema karibu nasi. Kazi yake ilikuwa kupima maji. Alishapima chemchemi za maji moto huko mbele ya Kibingo, sasa akataka ya kwetu. Alijaza chupa, akaitikisa, akaiunganisha kwa bomba la mpira na sanduku dogo lenye kioo. Ndani mlikuwa na vijipande viwili vya dhahabu, vyembamba kuliko ganda la kitunguu, vimeachana. Tulisimama tukitazama. Vikaanza kushuka, taratibu, mpaka vikakutana. Hakuna aliyevigusa.

Mdachi alifurahi mno. "Maji haya yana nguvu itokayo kwenye mawe," akamwambia Baba. "Kwetu wagonjwa husafiri mbali kuyanywa."

Mama akauliza, "Nguvu ya kufanya nini?"

Mdachi aliinama akaandika kwenye daftari lake.

Tangu siku ile Baba akapiga marufuku maji mengine nyumbani. Bibi, mamake Baba, alikuwa na tumbo lililomsumbua miaka. Akanyweshwa kikombe baada ya kikombe, hata aliposema, "Mwanangu, nimeshiba maji." Mama alikuwa mjamzito, naye akaamriwa anywe.

"Bwana," Mama alimwambia, "kitu kinachoangusha dhahabu bila kuigusa, wataka nikiingize kwa mtoto aliye tumboni?"

"Wewe unajua nini? Yule ni mtu aliyesoma!"

Kesho yake asubuhi Mama alinishika mkono, mimi bintiye mkubwa, tukaenda kambini. Mpishi wa Mdachi alikuwa anachemsha maji. Mama akamuuliza ameyateka wapi.

"Ya mvua, mama. Tunakinga kwa turubai. Bwana hanywi mengine."

"Hata ya chemchemi yetu?"

"Hayo ndiyo hataki kabisa. Hata kupikia amenikataza."

Mdachi alipotoka hemani, Mama alimwamkia, kisha akasema, "Maji yetu umeyasifia. Mbona wewe huyanywi?"

Akacheka. "Mimi si mgonjwa."

"Na mimi naumwa nini?"

Kicheko kikakatika. Akamwashiria mpishi atutoe.

Tuliporudi, Mama aliubeba mtungi wa ndani, akaumwaga wote mbele ya duka, wateja wakitazama. "Mwenye dawa hainywi," akasema. "Mimi siinywi."

Kuanzia hapo akawa anafuata maji kijitoni, njia ya Nyakasimbi, na mimba yake kubwa, mtungi kichwani, mimi nyuma na kibuyu. Baba hakusema naye. Bibi alimwomba, "Mkwe wangu, niletee na mimi ya kijitoni," lakini Baba akakataa katakata. Bibi, alisema, angeponywa na maji yaliyopimwa. Bibi akayanywa mpaka akafa, masika hayajaanza.

Kama maji yalimuua, sijui. Hakuna ajuaye, na hapo ndipo hasira yangu inapopanda. Mdachi alijua kwamba mna kitu ndani yake. Akakiandika, akafunga sanduku lake, akaondoka na daftari, na sisi akatuachia kikombe mkononi. Hata neno la tahadhari hakutuachia. Na kama yeye mwenyewe hakujua madhara yake, basi alitujaribia sisi, bibi yangu na mama yangu, kama mtu anavyomjaribia mbwa nyama iliyolala.

Ndugu yangu alizaliwa salama. Siku chache baada ya arobaini ya Bibi, Baba aliingia ndani adhuhuri, akachukua kata, akachota kwenye mtungi wa Mama, yale maji ya kijitoni. Akanywa amesimama, akarudi dukani. Mama aliendelea kumenya ndizi.

Nilingoja Baba aseme neno moja tu, kwa Mama au juu ya kaburi la Bibi. Hakusema. Sasa nina wajukuu, naye amelala udongoni miaka mingi, na bado sijamsamehe.