Alipimia Siku ya Tetemeko

Jumatatu asubuhi nilipigiwa simu kwamba jirani yangu wa mtaa wa Nengo, yule mama mhandisi aliyebuni bodi za kompyuta, ameaga dunia hospitalini. Nikaenda msibani, nikakaa, nikasikiliza. Kila aliyesimama alisema marehemu alikuwa mpole, hana neno na mtu. Jamani! Mpole? Hapa kwetu mtu akifa tunamsafisha mpaka angerudi asingejitambua. Basi, wasomaji wangu, mimi namsema alivyokuwa: mama yule alikuwa mbishi, mbishi wa kukera, na ubishi huo ndio ninaoulilia.

Wengi mmeliona lile sanduku la kijivu kwenye ukuta wa shule moja ya Rugerero. Ndani mna prosesa yenye nguvu inayosikiliza mitetemo ya ardhi, na ikitambua tetemeko, inapiga king'ora watoto watoke nje. Tunaoishi jirani na volkeno hatuhitaji kuelezwa faida yake. Bodi aliibuni yeye, na mshirika wake, mwenye karakana, akatengeneza masanduku. Siku wenye kazi, wale walioagiza mashine kwa ajili ya shule kadhaa, walipokuja karakanani kukagua, nilikuwepo. Mshirika akapima umeme unaoliwa, akafurahi, akamgeukia mama, aliyemwita yaya kama dada yake mkubwa.

"Bon, yaya, angalia mwenyewe. Inakula kidogo sana! Tuweke alimantasyo ndogo, masanduku iko tayari."

"Inakula kidogo juu iko nalala. Uiamushe kwanza."

"Lakini siku zote iko vile!"

"Na we unazani nilitengeneza ya siku zote?"

Mama akaipa prosesa kazi yote kwa mpigo. Bodi ikazima, ikajiwasha upya, ikazima tena, mbele ya wageni! Mshirika alitamani ardhi immeze. Mama akaeleza bila kupepesa macho: prosesa ya namna hii ikizinduka inadai umeme mwingi ghafla, na kifaa cha kuilisha umeme, hiyo alimantasyo, kikiwa kimepimwa kwa siku tulivu, volteji inaporomoka. Kwa hiyo mashine ingezima wakati uleule ardhi inapotikisika. Yeye alitaka kifaa kikubwa, chenye akiba hata kikipata joto, na kapasita, vile vihifadhi vidogo vya umeme, zibandikwe ubavuni kabisa mwa prosesa, ipate cha kudaka wakati umeme uko njiani.

Kifaa kikubwa hakikuingia kwenye masanduku. Walibishana wee, hadi salamu zikakatika. Mama aligoma kukabidhi bodi yake iwekwe alimantasyo ndogo, na wenye kazi, walipochoka kungoja, wakachukua sanduku moja tu, lile la majaribio, lililokuwa kubwa vya kutosha kukiingiza kifaa chake. Shule nyingine zikapelekewa mafundi wengine.

Tangu hapo ardhi haijatikisika kwa nguvu. Ndiyo maana pale msibani mshirika, macho mekundu kwa kulia, aliniambia kwa sauti ya chini, "Mi nilimupenda yaya, lakini tulipoteza kazi bure." Sikumjibu, maana msiba si mahali pa kubishana. Namjibu hapa: haikuwa bure, ndugu yangu. Ulitaka mashine ya kupendeza wageni, yeye alitaka ya kutoa watoto darasani. Na si wewe peke yako. Mitaro yetu tunaichimba kwa kipimo cha manyunyu, hospitali tunazijengea wiki isiyo na ugonjwa, halafu mabaya yakija tunasema ni bahati mbaya. Bahati mbaya gani? Tulipima vitu vikiwa vimelala!

Baada ya mazishi nilipita Rugerero. Sanduku liko pale, kubwa, baya, taa yake ya kijani inawaka, na watoto wanacheza mpira chini yake bila kulitazama. Naomba kwa moyo wote isije siku ya tetemeko itakayoonyesha kwamba alikuwa sahihi. Isipokuja, mtaendelea kusema alibisha bure, na semeni tu, hata yeye angewaacha mseme. Lakini ukiwa na mtu kazini anayekukera kwa kudai upimie siku mbaya, usimfukuze, na akifa usimwite mpole. Watoto wale wana king'ora kitakacholia kwa sababu mama mmoja alikataa kuwa mpole.